Kuchagua injini, mfumo wa kusukuma na vifaa vya ziada unaponunua boti ya kabini iliyotumika

Mnunuzi wa boti ya kabini iliyotumika hapa Dar es Salaam kwa kawaida huanzia pale ambapo angepaswa kumalizia. Hupanda botini, huteremka kabini, hukalia godoro, hufungua friji, hujaribu bomba la choo, na kufikia wakati kifuniko cha chumba cha injini kinapoinuliwa moyo wake umekwisha kununua. Namwomba ageuze mpangilio huo. Aulize kwanza boti italala wapi, kisha ni fundi gani ataitengeneza, halafu ndipo aulize ina nguvu kiasi gani, na mwisho kabisa atazame ina nini ndani. Godoro baya linatengenezwa upya kwa mafundi wa Keko kwa siku mbili, lakini mfumo wa kusukuma usiofaa kwa maji yetu haubadilishwi bila kukata faiba na kutumia fedha zinazokaribia bei ya boti yenyewe.

Boti italala wapi

Sehemu kubwa ya boti za aina hii zilizoundwa Marekani zilikusudiwa kutumika kwa miezi michache ya joto, nyingi zikiwa kwenye maziwa ya maji yasiyo na chumvi, na baada ya hapo zikapandishwa nchi kavu hadi msimu mwingine. Hapa kwetu boti hufungwa kwenye boya katika Ghuba ya Msasani au upande wa Kigamboni, ikabaki ndani ya maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 25 hadi 30 mwaka mzima, itumike au isitumike. Joto hilo huharakisha ulikaji wa metali na kuota kwa mwani na magamba, na pia huinyima injini ile nafuu ya kupozwa na maji baridi ambayo ingeipata Ulaya. Kwa hiyo safari ya Jumapili ya kwenda kisiwa cha Mbudya haiichoshi sana boti. Kinachoichosha ni zile siku sita nyingine inazokaa imetulia majini bila mtu kuiangalia.

Jambo la pili ni kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyopwa hupita mita 3, na bamvua zetu hupwa katikati ya asubuhi, saa ile ile ambayo familia zimebeba vikapu na kutaka kuondoka. Mwenye boya kwenye kina kirefu hasumbuliwi sana na jambo hili, lakini anayetaka kusogeza boti ufukweni Kunduchi, au kupita karibu na matumbawe ya Fungu Yasini na Bongoyo, lazima ajue kwa hakika ni kitu gani kinachoning'inia chini ya boti yake na kama kinaweza kuinuliwa.

Mfumo wa kusukuma

Mfumo utakaokutana nao mara nyingi zaidi kwenye boti za futi 24 hadi 32 ni ule ambao injini imekaa ndani, kwenye tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, huku giaboksi na rafadha (pangaboi linalosukuma maji) zikiwa nje, katika kitu kimoja cha aluminiamu nitakachokiita mguu. Volvo Penta ndio walioingiza mfumo huu sokoni kwa mafanikio mwaka 1959, na uzuri wake hauna ubishi: injini haili nafasi ya kabini, boti hukimbia vizuri, mguu huinuliwa kidogo mahali penye maji machache, na bei ya kununulia huwa ndogo. Ndiyo maana soko limejaa boti hizi, na ndiyo maana mnunuzi mgeni huangukia hapo bila kuuliza zaidi.

Udhaifu wake ni kwamba kitu cha aluminiamu chenye gia ndani yake kimeachwa kulala ndani ya maji ya chumvi. Hata ukiuinua, mguu wa namna hii hautoki wote majini. Pale unapopita ukuta wa tezi, shafti na njia ya moshi hufunikwa na mipira yenye mikunjo, inayofanana na ile inayofunika viungo vya shafti za magurudumu ya mbele ya gari; tofauti ni kwamba mpira wa gari ukipasuka hutoa grisi, na mpira wa boti ukipasuka huingiza bahari. Mipira hiyo hukaguliwa kila mwaka na kubadilishwa kila baada ya miaka michache hata kama kwa macho inaonekana mizima. Niliwahi kununua boti ambayo muuzaji aliniapia kwamba mipira ilikuwa mipya, nami kwa uvivu wa kuipandisha nchi kavu nikaridhika na kiapo hicho. Miezi mitano baadaye, katikati ya masika, mlinzi wa boti alinipigia simu alfajiri kunieleza kwamba tezi imezama hadi kwenye viti. Pampu ya ngama, ile inayotoa maji yanayokusanyika chini kabisa ndani ya boti, ilikuwa imefanya kazi usiku kucha hadi betri ikaisha. Injini iliokolewa, lakini kila kitu cha umeme kilichokuwa chini ya kiwango cha maji kilikwenda, na gharama yake ilizidi mara nyingi ile ya kuipandisha boti kwa siku moja.

Kwa hiyo usinunue boti ya mguu bila kuiona nchi kavu. Fungua skrubu ya oili ya giaboksi ya chini na uangalie rangi: oili iliyogeuka kama chai ya maziwa imeingiliwa na maji, na maji yaliyoingia huko yameanza kula gia na beringi. Tikisa mguu kushoto na kulia usikie ulegevu. Tazama zinki, yaani vile vipande vya metali vinavyofungwa makusudi ili viliwe badala ya mguu. Kwenye maji ya chumvi viwe vya zinki au vya aluminiamu maalumu. Vya magnesiamu ni vya maji yasiyo na chumvi, na ukivikuta bado vimefungwa kwenye boti iliyotoka kwenye ziwa umejua kwamba hakuna aliyeiandaa kwa bahari. Angalia pia rangi ya kuzuia magamba. Rangi nyingi za chini ya boti zina shaba, na shaba ikipakwa juu ya aluminiamu ndani ya maji ya chumvi huzaa umeme mdogo unaoitoboa aluminiamu kama mchwa anavyotoboa mlango. Miguu yenye rafadha mbili zinazozunguka kinyume, kama Bravo Three ya MerCruiser, huendesha boti kwa utulivu wa kupendeza sana, lakini ina sifa mbaya ya kulika kwenye chumvi. Ningeikubali tu kwa boti inayolala juu ya trela.

Mfumo wa pili ni shafti iliyonyooka, mfumo wa kale ambao mafundi wetu wa vyombo vya mizigo na vya uvuvi wanaufahamu tangu ujana wao. Injini hukaa karibu na katikati ya boti, shafti ya chuma kisichoshika kutu hutoka chini kwa mteremko, na nyuma ya rafadha huwa kuna usukani. Hapa hakuna gia ndani ya bahari wala mpira wa mikunjo. Kuna pakingi inayozuia maji pale shafti inapopenya, ambayo kwa aina ya zamani hudondosha tone moja moja na hilo si kosa. Kuna beringi ya mpira karibu na rafadha. Na kuna zinki. Kazi nyingi za ukarabati zinaweza kufanywa hapa hapa Dar es Salaam, hata shafti iliyopinda hunyooshwa au kuchongwa upya kwa fundi wa mashine ya kukereza. Hasara yake ni kwamba rafadha haiinuki, hivyo mwamba ukiugusa umeugusa, na boti ya shafti moja hugeuka kwa uvivu inaporudi nyuma. Shafti mbili huondoa shida hiyo ya mwisho kabisa, kwa kuwa nahodha anaweza kusukuma moja mbele na nyingine nyuma, boti ikageuka pale pale ilipo.

Kuna pia boti za shafti ambazo injini yake imegeuzwa ikatazama nyuma, kisha giaboksi ikairudisha shafti chini yake kwa umbo la herufi V. Hii huongeza nafasi ya kabini, lakini kabla ya kulipa jaribu kufikisha mkono wako kwenye pakingi ya shafti, kwani mara nyingi hukaa chini ya injini mahali ambapo ni mtoto tu angepenya, na kisichofikika hakihudumiwi.

Injini za kuning'inia nje zinastahili heshima kubwa kuliko zinazopewa na wapenda kabini. Huinuliwa zikatoka majini kabisa, moto na mvuke wa petroli hubaki nje ya boti, na injini iliyokufa hufunguliwa ikawekwa nyingine. Pwani yetu yote imejaa Yamaha za wavuvi, hivyo mafundi wapo, ingawa fundi aliyezoea mashine ya nguvu za farasi 40 ya mipigo miwili asikabidhiwe bila maswali ile ya 250 ya mipigo minne yenye kompyuta. Kwa boti isiyozidi futi 28 hivi, huu ni uchaguzi wa busara.

Mifumo ya kisasa ya rafadha zinazogeuka zenyewe chini ya boti na kuongozwa kwa kijiti kimoja, kama IPS ambayo Volvo Penta waliizindua mwaka 2005, ni rahisi mno kuiendesha. Kwa boti iliyotumika, mbali na wakala wa kiwanda mwenye kompyuta yake, siishauri.

Kwa ufupi wa uamuzi wangu: boti itakayolala majini mwaka mzima iwe ya shafti, na itakayolala nchi kavu au kuinuliwa iwe ya injini za nje au ya mguu.

Petroli au dizeli

Nianze na moto, kwa sababu ndio unaoua. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kutulia kwenye ngama, chini ya sakafu ambayo watoto wako wamelala juu yake, ukingoja cheche moja. Ndiyo maana boti ya injini ya petroli ya ndani huwa na feni ya kutoa mvuke, na kanuni ni kuiwasha kwa angalau dakika nne kabla ya kugusa swichi ya injini. Ndiyo maana pia stata, alteneta na distribyuta za boti hutengenezwa zikiwa zimefungwa ili cheche isitoke nje. Hapa ndipo penye hatari yetu ya pekee: injini nyingi za MerCruiser na za Volvo Penta za petroli ni V6 na V8 za General Motors, zile zile za magari, na alteneta ya gari kutoka maduka ya vipuri ya Gerezani hufunga vizuri kabisa na kuchaji vizuri kabisa. Lakini haikufungwa dhidi ya cheche. Ukiikuta botini, usiwashe injini hiyo, na jiulize ni mambo gani mengine yaliyofanywa kwa moyo huo huo.

Injini ya petroli ina adui wa pili ndani ya ekzosi. Manifoldi na viwiko vya ekzosi ni vya chuma cha kusubu na hupitisha maji ya bahari pembeni mwa moshi. Ukuta unaotenganisha viwili hivyo huliwa kutoka ndani, na siku unapotoboka maji huingia kwenye silinda. Katika maji ya chumvi hesabu ya kawaida ni kuvibadilisha kila baada ya miaka mitano hadi saba. Muuzaji asiye na risiti ya kazi hiyo achukuliwe kama hajaifanya, na gharama yake ipunguzwe kwenye bei.

Uliza pia injini inavyopozwa. Iliyotoka ziwani mara nyingi huvuta maji ya nje moja kwa moja na kuyapitisha ndani ya bloku, jambo lisilo na madhara makubwa huko, ila hapa chumvi huila bloku yenyewe. Inayotufaa ni ile ambayo bloku huzungusha maji yake yaliyochanganywa na dawa ya rejeta, na maji ya bahari huishia kwenye kibadilisha joto tu.

Dizeli ni nzito, ni ghali kununua, na mafuta yake hayawaki kwa urahisi kama petroli, jambo ambalo kwangu mimi lingetosha peke yake. Lakini kuna pia hesabu ya matumizi. Kwa makadirio, injini ya petroli hula karibu lita 0.3 kwa saa kwa kila nguvu moja ya farasi inayoitoa, na dizeli karibu lita 0.2. Chukua boti inayohitaji nguvu 260 ili kwenda maili 20 za baharini kwa saa. Kutoka Dar es Salaam hadi mji wa Zanzibar ni takriban maili 40 za baharini, yaani saa mbili: petroli itakula lita 156 kwenda, na dizeli lita 104. Kwa kanuni ya theluthi, ambapo theluthi moja ni ya kwenda, moja ya kurudi na moja ya akiba, boti ya petroli inahitaji tangi la lita 470 hivi na ya dizeli lita 310. Zidisha kwa bei kikomo ya mafuta ya mwezi huu inayotangazwa na EWURA, kisha zidisha kwa idadi ya safari unazozikusudia kwa mwaka, na utaona ni lini tofauti ya bei ya kununulia itakuwa imejilipa. Anayekwenda Bongoyo mara mbili kwa mwezi huenda asiione nafuu hiyo kamwe, na kwake petroli si kosa.

Ukichagua dizeli iliyotumika, nakusihi upendelee yenye pampu ya nozeli ya kawaida kuliko inayoendeshwa na kompyuta. Yanmar za familia ya 6LP zimejengwa juu ya injini ya Toyota ya lita 4.2 ya silinda sita, ile ile ya Land Cruiser inayojulikana kila kona ya nchi hii, na Cummins ya lita 5.9 ya mfululizo wa B imetumika kwenye malori na mitambo duniani kote. Fundi mzuri wa dizeli hatazishangaa. Hata hivyo sehemu zake za kibahari, yaani pampu ya maji ya chumvi, vipoza hewa vya turbo na kiwiko cha ekzosi, hazipatikani kwa Land Cruiser yoyote. Peleleza upatikanaji wake na uagize seti moja ya akiba kabla ya kuihitaji.

Kuhusu saa za injini, petroli ya baharini hufikia ukarabati mkubwa kwenye saa 1,500 hivi na dizeli iliyotunzwa hupita 5,000. Usidanganyike na saa chache: boti ya miaka 18 yenye saa 200 haikupumzishwa, ilitelekezwa. Ningechukua dizeli ya saa 2,000 yenye daftari la huduma kuliko hiyo.

Injini mbili hutoa faraja baharini na huongeza karibu maradufu kila gharama ya matengenezo. Pia zinalindana kidogo kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa sababu kubwa ya injini kuzima njiani ni mafuta machafu, na mafuta machafu huziingia zote mbili. Kwetu, ambako mafuta mengi hufika botini kwa madumu, chujio lenye kikombe cha kutenganisha maji, moja kwa kila injini, lina thamani kuliko injini ya pili isiyo nalo.

Siku ya majaribio

Fika kabla ya muuzaji kuiwasha injini na uiguse kwa mkono. Ikiwa ina joto, rudi siku nyingine, kwani injini yenye joto huficha ugonjwa wa kuwaka kwa shida. Baada ya hapo toka nje ya Bongoyo hadi kwenye mkondo wa Zanzibar, ikiwezekana mchana upepo wa kusi ukiwa umeamka, na uiendeshe kwa nguvu zote kwa dakika kadhaa. Kila mtengenezaji hutaja mizunguko ambayo injini yake inapaswa kuifikia. Isipoifikia, ama chini ya boti kumejaa magamba, ama rafadha ni kubwa mno, ama injini imechoka, na muuzaji ndiye anayepaswa kuthibitisha ni lipi. Moshi mweusi usiokwisha ni dalili ya mzigo mkubwa au nozeli mbovu, wa bluu ni oili inayoungua, na mweupe unaobaki baada ya injini kupata moto ni maji au mafuta yasiyoungua. Kwa petroli dai kipimo cha kompresheni cha kila silinda. Silinda moja ikipungua zaidi ya asilimia 15 chini ya wenzake, simamisha mazungumzo.

Vifaa vya ziada

Katika hivi, umeme ndio unaogharimu bila kutarajiwa. Boti iliyotoka Marekani ina umeme wa volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, wakati gati na nyumba zetu zina volti 230 na mizunguko 50. Transfoma hurekebisha volti lakini hairekebishi mizunguko, hivyo mota ya kiyoyozi itazunguka polepole na kupata joto. Boti iliyotumika Ulaya au Falme za Kiarabu mara nyingi haina tatizo hili. Kiyoyozi chenyewe kinahitaji jenereta, na jenereta ya petroli hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Usilale kwenye boti hiyo bila king'ora cha kugundua hewa hiyo kabini. Mimi ningelipia turubai pana la kivuli, madirisha yanayofunguka na feni mbili, nikaiacha jenereta.

Lipia winchi ya nanga yenye mnyororo wa kutosha, pampu mbili za ngama zenye betri tofauti, na redio ya mawasiliano ya baharini (VHF) inayosikika kwenye chaneli 16, ile ya wito na dharura, pamoja na leseni yake kutoka mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Mabawa madogo ya kusawazisha yaliyo chini ya tezi yana faida kubwa wimbi likiwa la ubavuni. Rafadha ndogo ya omoni, yaani mbele ya boti, inayosukuma pembeni ni ya lazima kwa shafti moja na ni anasa kwa shafti mbili. Hita ya kabini iondolewe, nafasi yake iwe stoo ya majaketi ya kuokolea.

Kabla ya malipo, nakili namba ya boti na namba za kila injini kwa mkono wako mwenyewe, uzilinganishe na nyaraka za forodha na usajili, na uulize TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, kuhusu ukaguzi na usajili wa chombo kwa jina lako. Injini iliyobadilishwa bila namba yake kuingizwa kwenye nyaraka si lazima iwe ya wizi, lakini kazi ya kulithibitisha hilo ni ya muuzaji, na aifanye kabla fedha hazijatoka kwenye akaunti yako.